Hodi Hakodate

Mjapani akifika kwa mtu, anasimama mlangoni na kusema gomen kudasai. Ukiyachambua hayo maneno utapata kitu kama "naomba radhi," lakini kazi yake ni ile ile ya hodi yetu. Unatoa sauti, unatulia, unangoja aliye ndani aitikie. Akirudi kwake jioni, hasemi hivyo. Anavua viatu na kusema tadaima, yaani nimerudi, na walio ndani wanaitikia okaeri. Mgeni ana neno lake, na mtu wa nyumbani ana lake.

Sasa kuna mji unaitwa Hakodate, kusini kabisa mwa Hokkaido, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani. Ni mji wa bandari. Wanajulikana kwa ngisi, kwa tramu, na kwa mlima wa mita 334 ambao watu hupanda usiku kuangalia taa za mji ulio katikati ya bahari mbili. Kwa miaka mingi, shirika liitwalo Hokkaido International Foundation limekuwa likipokea wanafunzi wa kigeni hapo kwa wiki 8 za kiangazi. Mchana ni darasa la Kijapani, na kuna vipindi vya utamaduni pia. Jioni unarudi kwenye nyumba ya familia ya hapo mjini, mnakula pamoja, unaboronga sarufi mbele ya watoto wa shule ya msingi na wanakucheka. Siku ya kwanza unaingia kama mgeni. Kabla wiki haijaisha, mama mwenyeji ameshakufundisha kusema tadaima.

Ukisoma tangazo la programu kama hiyo utaona ni kitu cha kawaida tu: fomu, picha mbili, tarehe ya mwisho. Lakini ukichimba historia ya Hakodate utakuta wakati ambapo kumfundisha mgeni kuandika Kijapani kulikuwa kosa, na kijana Mjapani aliyethubutu kutoka nchini ili akasome alijua akishikwa anaweza kuuawa. Lugha ilikuwa na kufuli, na walioifungua walilipa. Nimekaa na hadithi zao kwa miezi, na naona ni vizuri tuzijue kabla hatujajaza fomu.

Kufuli

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapadri Wajesuti kutoka Ureno walikuwa Japani tangu karne ya 16, na walikisoma Kijapani kwa bidii ambayo hadi leo inashangaza. Mwaka 1603 walianza kuchapisha kamusi ya Kijapani na Kireno huko Nagasaki, kamusi yenye maneno zaidi ya 30,000. Mmoja wao, João Rodrigues, aliandika kitabu kizima cha sarufi kilichoanza kutoka mwaka 1604. Wataalamu wa Kijapani cha kale bado wanavitumia vitabu hivyo, kwa sababu herufi za Kireno ziliyahifadhi matamshi ya wakati ule.

Halafu watawala wa ukoo wa Tokugawa wakaanza kuona dini ya wageni kama mguu wa jeshi unaotangulia. Ukristo ukapigwa marufuku. Katika miaka ya 1630 Wajapani wakakatazwa kusafiri nje, na aliyetoka kisha akarudi adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa. Mwaka 1641 Waholanzi, wazungu pekee walioruhusiwa kubaki, wakahamishiwa Dejima, kisiwa kidogo cha kujengwa na mikono, chenye umbo la kipepeo cha mkononi, kilichounganishwa na Nagasaki kwa daraja moja lenye walinzi.

Hapo ndipo ujanja wa serikali unaonekana. Badala ya kuwaacha Waholanzi wajifunze Kijapani, iliziajiri familia za wakalimani, kazi iliyorithiwa kutoka baba hadi mwana, zijifunze Kiholanzi. Maana ya mpangilio huo iko wazi. Anayeijua lugha ya mwenzake anasikia kinachosemwa mezani, na asiyeijua anasubiri aambiwe. Serikali ilitaka mgeni awe ndiye wa kusubiri.

Wakalimani hao hawakuwa watu wa mchezo. Mwaka 1823 alifika Dejima daktari mmoja Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, akijifanya Mholanzi ili aruhusiwe kuingia. Inasimuliwa kwamba wakalimani walipomsikia akiongea wakashtuka: mbona Kiholanzi chao ni kizuri kuliko chake? Akapenyezewa kisingizio kwamba yeye ni Mholanzi wa milimani. Uholanzi haina milima, lakini kisingizio kikapita.

Siebold alikuwa na kiu ya kujua kila kitu, kuanzia mimea, dawa na lugha hadi ramani. Alifundisha udaktari, na wanafunzi wake wakamletea maarifa ya nchi yao. Mtaalamu wa nyota wa serikali, Takahashi Kageyasu, akampa nakala za ramani ambazo mgeni hakuruhusiwa kuwa nazo. Mwaka 1828 mambo yakafichuka. Siebold alifukuzwa mwaka 1829, akarudi Ulaya akawa maarufu. Takahashi alifia jela mwaka huo huo. Hao wawili walifanya kosa moja, lakini aliyeufungua mlango kutoka ndani ndiye aliyelipa zaidi. Utaliona hilo tena.

Darasa la jela

Miaka 12 kabla ya Siebold kufika, mbali kule kaskazini, kulikuwa na darasa la lugha ambalo hakuna mtu aliyelipanga.

Warusi walikuwa wamekuja Nagasaki mwaka 1804 kuomba biashara, wakawekwa kusubiri kwa miezi kisha wakakataliwa. Kwa hasira, maafisa wao wawili wakaja kuvamia vituo vya Wajapani kwenye visiwa vya kaskazini mwaka 1806 na 1807. Wakachoma, wakaiba, wakateka watu. Kwa hivyo nahodha Vasily Golovnin alipoteremka kwenye kisiwa cha Kunashir mwaka 1811, akiwa kwenye safari ya kupima pwani, Wajapani hawakuwa na sababu ya kumwamini. Walimkamata pamoja na maafisa wawili, mabaharia wanne, na mkalimani wao Alexei, Mwainu wa visiwa vya Kurili. Wakafungwa kamba, wakapelekwa hadi Hakodate, kisha Matsumae, mji ulio upande wa magharibi. Walikaa kifungoni zaidi ya miaka miwili.

Fikiria mahojiano ya kwanza yalivyokwenda. Afisa anauliza kwa Kijapani. Mkalimani wake anageuza swali kuwa Kiainu. Alexei anakisikia, anakigeuza kuwa Kirusi chake cha kuokoteza. Golovnin anajibu, na jibu linarudi njia ile ile. Maisha ya watu wanane yalikuwa yanapita kwenye lugha ya Waainu, wenyeji wa kisiwa hicho, ambao hakuna upande uliokuwa unawahesabu. Tutarudi kwao.

Mwanzoni Golovnin hakuwa na karatasi, kwa hivyo alitunza kumbukumbu kwa nyuzi alizochomoa kwenye nguo zake. Jambo zuri likitokea alifunga fundo kwa uzi mweupe, na baya kwa mweusi. Baadaye kijana mmoja, Murakami Teisuke, akatumwa na wakuu wake kuja kujifunza Kirusi kutoka kwa wafungwa. Alikuja mara kwa mara na alikuwa na kichwa chepesi. Kutoka Edo, mji tunaouita Tokyo leo, akaletwa pia Baba Sajuro, mtaalamu wa Kiholanzi, naye akaketi chini ya mfungwa akiandika maneno. Golovnin alifundisha, ingawa alikuwa na hofu kwamba akionekana wa maana sana hataachiliwa kamwe. Na walipotaka na wao wafundishwe kuandika Kijapani, anasimulia kwenye kitabu chake, waliambiwa sheria hairuhusu kuwafundisha Wakristo. Somo lilikwenda upande mmoja tu.

Kilichomtoa Golovnin ni darasa lingine, nalo pia lilianza na utekaji. Msaidizi wake, Pyotr Rikord, alirudi mwaka 1812 kumtafuta. Alipokosa habari za uhakika akaikamata meli iliyokuwa inapita. Mwenye meli aliitwa Takadaya Kahei, mfanyabiashara aliyetajirikia Hakodate. Rikord akampeleka hadi Kamchatka. Majira ya baridi yale baadhi ya watu wa Kahei walikufa. Kahei mwenyewe aliishi nyumba moja na Rikord, na hao wawili, bila kitabu wala mwalimu, wakatengeneza lugha yao: Kirusi kidogo, Kijapani kidogo, ishara, na uvumilivu mwingi. Kufikia mwaka uliofuata waliweza kujadili mambo mazito, kama vile kwa nini Wajapani walikasirika, ni barua gani ya radhi ingekubalika, na nani aiandike. Mwaka 1813 Kahei alirudi na kuwa mpatanishi. Golovnin na wenzake wakaachiliwa hapo hapo Hakodate. Leo mji huo una sanamu ya Kahei.

Kuna na faida nyingine ambayo watu huisahau. Mjapani aliyetekwa kwenye uvamizi wa 1807, Nakagawa Goroji, alirudishwa mwaka 1812 akiwa na kitabu cha Kirusi kuhusu chanjo ya ndui. Baba Sajuro, kwa Kirusi alichokipata gerezani, ndiye aliyekitafsiri, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1820. Goroji naye akaanza kuchanja watu Matsumae mwaka 1824. Kwa hiyo chanjo ya ndui iliingia Japani kupitia darasa lililokuwa na nondo za mbao.

Aliyebisha kwa makusudi

Hao wote walitekwa. Ranald MacDonald alijipeleka.

Alizaliwa mwaka 1824 kwenye kituo cha biashara ya manyoya katika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mama yake alikuwa binti wa chifu wa Wachinook na baba yake Mskoti. Kazi ya benki haikumwingia, akaitoroka na kuwa baharia. Mwaka 1848, akiwa kwenye meli ya kuwinda nyangumi, aliomba ateremshwe na mashua ndogo karibu na Hokkaido. Akajifanya amevunjikiwa na chombo, maana aliamini mhanga wa bahari hatauawa. Alitua kisiwani Rishiri, akapokewa na Waainu, kisha akakabidhiwa kwa maafisa. Wakampitisha Matsumae, wakamsafirisha hadi Nagasaki, wakamfungia kwenye chumba chenye nondo.

Wakalimani wa Nagasaki walijua Kiholanzi barabara, ila meli za Kiingereza na Kimarekani zilikuwa zinazidi kuonekana pwani. Sasa wamepata mtu anayezungumza Kiingereza, hana pa kwenda, na ana hamu ya kuongea. Wakalimani 14 wakawa wanafunzi wake. Walisoma kwa sauti naye akawarekebisha matamshi kupitia nondo, na yeye akawa anakusanya maneno yao ya Kijapani. Mwaka 1849 manowari ya Marekani ikamchukua. Miaka mitano baadaye, Wamarekani walipokuja na mizinga kudai mkataba, mmoja wa wakalimani wakuu upande wa Japani alikuwa Moriyama Einosuke, mwanafunzi wa MacDonald.

MacDonald hakupata cheo wala mali kutokana na hayo. Alikufa mwaka 1894. Inasimuliwa kwamba neno lake la mwisho kwa mpwa wake lilikuwa sayonara.

Mmoja aliingia, mmoja alitoka

Mkataba huo wa 1854 ulifungua bandari mbili, Shimoda na Hakodate. Ghafla mji wa samaki ukawa na mabalozi wadogo, mabaharia, wachuuzi na wapelelezi. Bado unaweza kutembea mtaa wa Motomachi ukaona kanisa la Kiorthodoksi la Warusi, na makaburi ya wageni yanayoangalia bahari.

Mwaka 1861 akaja kasisi kijana wa Kirusi, Nikolai Kasatkin, kuhudumu kwenye ubalozi mdogo. Ukristo ulikuwa bado haramu kwa Wajapani. Nikolai hakuanza na mahubiri. Alikaa miaka kama minane akisoma Kijapani, historia yao na vitabu vya Kibudha, akitafuta mwalimu yeyote aliye tayari kuonekana naye. Samurai mmoja, Sawabe Takuma, alimwendea akiwa na upanga, akikusudia kumkabili na ikibidi kumuua. Nikolai akamuuliza: unayachukia mafundisho yangu, je, umeyasikia? Sawabe akakaa kusikiliza. Mwaka 1868 akabatizwa kwa siri.

Mwaka 1864 mwalimu mwingine wa Nikolai alikuwa kijana wa miaka 21, Niijima Jo. Alitoka familia ya samurai, na alikuwa amekuja Hakodate kutafuta njia ya kutoroka. Nikolai alitaka Kijapani, Niijima alitaka dunia. Kwa muda mfupi walikaa meza moja, mmoja akiwa amesafiri mbali ili aingie, mwingine akihesabu siku za kutoka. Usiku mmoja wa kiangazi, karani Mjapani wa kampuni ya kigeni alimpigia Niijima makasia kwa mashua hadi kwenye meli ya Kimarekani. Wangeshikwa, wangeweza kufa wote wawili. Njiani kijana huyo aliuza upanga wake mfupi ili anunue Agano Jipya la Kichina, kwa sababu Kichina alikuwa anaweza kukisoma na Kiingereza bado.

Alisoma Marekani, akamaliza Chuo cha Amherst mwaka 1870. Aliporudi alianzisha shule Kyoto mwaka 1875. Leo ni Chuo Kikuu cha Doshisha, na wageni kutoka pande zote za dunia hufunzwa Kijapani humo. Nikolai naye alihamia Tokyo, na Urusi na Japani zilipopigana mwaka 1904 na 1905, alibaki na waumini wake Wajapani badala ya kukimbia. Alikufa mwaka 1912, na amezikwa Tokyo.

Lugha kama silaha

Nisikudanganye kwamba kujifunza lugha ya mtu ni lazima kukufanye umpende. Wakati mwingine watu hujifunza ili wapige vizuri zaidi.

Mwishoni mwa 1941 Marekani ilikuwa na watu wachache mno wenye kusoma Kijapani. Jeshi la wanamaji likaanzisha shule, na mwaka 1942 shule hiyo ikahamishwa kutoka Berkeley, California, hadi Boulder, Colorado. Sababu ya kuhama inauma. Walimu wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani, na serikali iliamuru watu wa asili hiyo waondolewe pwani ya magharibi na kuwekwa kambini. Serikali ile ile iliyowaona kama hatari ilikuwa inawahitaji darasani. Mwalimu alifundisha maafisa wa jeshi asubuhi huku jamaa zake wako nyuma ya seng'enge. Vitabu walivyotumia viliandikwa na Naganuma Naoe huko Tokyo, kwa ajili ya watu wa ubalozi wa Marekani, wakati kungali na amani.

Mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo ya wanamaji alikuwa Donald Keene wa New York. Kazi yake vitani ilikuwa kusoma nyaraka zilizookotwa, zikiwemo shajara za askari Wajapani waliokufa, nyingine zikiwa na damu. Ndani yake mtu analalamikia njaa, anamkumbuka mkewe, anahesabu wenzake waliobaki. Baadhi waliandika ukurasa wa mwisho kwa Kiingereza, wakimwomba atakayeiokota airudishe kwa familia vita vikiisha. Keene aliwahi kuficha shajara kama hizo ili azirudishe, akanyang'anywa. Amesimulia kwamba hao marehemu ndio Wajapani wa kwanza aliowajua kwa kweli.

Alifundisha fasihi ya Kijapani Chuo Kikuu cha Columbia kwa miongo mingi. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, wageni walipokuwa wanaondoka, yeye alihamia moja kwa moja, na mwaka 2012, akiwa na miaka 89, akawa raia wa Japani. Alifia Tokyo mwaka 2019. Mwenzake wa shule hiyo, Edward Seidensticker, ndiye aliyemtafsiri Kawabata Yasunari, na Kawabata aliposhinda Nobel mwaka 1968 alikiri kwamba nusu ya tuzo ni ya mfasiri wake. Mwanafunzi anayepanda ndege leo kwenda darasa la kiangazi anatumia kamusi, tafsiri na idara za vyuo ambazo kwa sehemu kubwa zilijengwa na watu waliofunzwa ili kuishinda Japani.

Mwenye nyumba ni nani?

Nilikuahidi tutarudi kwa Waainu.

Kabla ya kuitwa Hakodate, mahali hapo paliitwa Usukeshi kwa Kiainu. Sapporo ni jina la Kiainu pia. Kisiwa chenyewe kilipewa jina Hokkaido mwaka 1869, serikali mpya ya Meiji ilipokichukua rasmi na kuleta walowezi. Ardhi ya Waainu ikagawanywa. Uvuvi wa samoni na uwindaji wa paa, vitu walivyoishi kwavyo, vikawekewa marufuku. Sheria ya 1899 ilidai inawalinda, lakini iliwasukuma kulima na kuwapeleka watoto kwenye shule za Kijapani. Lugha iliyobeba mahojiano ya Golovnin ikawa ya kuonewa aibu. Huko kusini, Okinawa, shule ziliwavisha watoto kibao shingoni wakikutwa wanaongea lugha ya nyumbani. Mkenya yeyote aliyesimuliwa na babake kuhusu ile diski ya shule, au aliyeivaa mwenyewe, hahitaji maelezo.

Mwaka 1918 mtafiti mmoja wa lugha kutoka Tokyo, Kindaichi Kyosuke, alikutana na msichana wa Kiainu wa miaka 15, Chiri Yukie. Bibi yake alizijua tenzi za kale kwa kichwa. Yukie alijua Kiainu na Kijapani sawasawa, na akaanza kuziandika tenzi hizo kwa herufi za Kilatini, ukurasa wa pili akiweka tafsiri ya Kijapani. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alihamia Tokyo kwa Kindaichi kumalizia kitabu, na usiku wa Septemba 1922 alipomaliza kukihariri, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 19. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na hakijaacha kusomwa. Mimi nimekipita umri huo na bado nahesabu rasimu ambazo sijamaliza.

Sheria ya 1899 ilifutwa mwaka 1997 tu. Miaka mitatu kabla, Kayano Shigeru alikuwa ameingia bungeni, Mwainu wa kwanza kufika hapo, na akauliza swali kwa Kiainu ndani ya kamati ya bunge. Mwaka 2019 ndipo sheria ya Japani ikawatambua Waainu kama wenyeji wa asili. UNESCO inaiweka lugha yao kwenye kundi la zilizo hatarini kabisa. Hivyo mwanafunzi wa kiangazi akisema gomen kudasai Hakodate, anaisemea kwenye nyumba ambayo ilikuwa na hodi nyingine kabla ya hiyo. Sioni kwamba hilo linaiharibu safari yake. Naona ni sehemu ya somo, na mwalimu akiliruka, mwanafunzi aulize.

Kufuli ya leo

Mimi sijafika Hakodate. Hiragana nilijifunza kwa simu, kwenye matatu, mwaka ule nilioacha chuo, na kanji zangu haziwezi kunifikisha hata dukani. Kuna vijana wengi Nairobi wanaokisoma Kijapani kwa dhati kuliko mimi. Wengine wanafanya ule mtihani wa kimataifa wa Kijapani hapa hapa mjini, wengine wanaomba ufadhili wa serikali ya Japani kila mwaka. Na huko upande wa pili, Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi Wajapani wanaosomea shahada ya Kiswahili. Kuna mtu Osaka saa hii anapambana na ngeli ya KI-VI. Tumwombee.

Hakuna anayeuawa tena kwa ajili ya sarufi. Kufuli ya leo ni ada, nauli, viza, na barua ya benki inayotaka uonyeshe pesa ambazo hujawahi kuziona kwa pamoja. Ni kufuli ya kimya, na inawachuja watu vilevile. Ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia programu za wiki 8 zikiitwa likizo ya watoto wa matajiri, na nakasirika zaidi nikiona zinafanywa hivyo kweli. Takahashi alifia jela. Yukie alikufa na kalamu mkononi. Karani wa Hakodate alipiga makasia gizani akijua kinachomngoja. Watu hao walilipa ili mgeni aweze kuketi mezani na kuelewa kinachosemwa.

Kwa hivyo ukibahatika, nenda. Ukifika, bisha kwa adabu. Jifunze jina la kale la mahali ulipo. Muulize mama mwenyeji wazazi wake walitoka wapi, maana Hokkaido karibu kila familia ya Kijapani ilihamia kutoka kwingine. Na jioni ile ya kwanza utakayosema tadaima bila kufikiria, na sauti kutoka jikoni ikaitikia okaeri, kumbuka kwamba mjini humo humo, mwaka 1813, wanaume wanane waliofungwa kwa sababu hakuna aliyewaelewa waliachiliwa kwa sababu wawili wengine walikuwa wamejifunza kuongea.